Kutoka Casual hadi Competitive: vijana saba wa Counter-Strike 2 waanzie wapi?

Swali: "Nasimamia chumba cha gemu chenye kompyuta nane hapa Tanga. Vijana saba huja kila jioni kucheza Counter-Strike 2. Wamezoea Casual (mchezo wa kujifurahisha) na Deathmatch (kuuana tu, bila raundi), na majina yao huwa juu ya jedwali. Mwezi uliopita niliwashawishi waingie Competitive, mechi za ushindani za watano kwa watano. Wamecheza mechi sita na wamefungwa zote, mbili kati ya hizo 13–1. Sasa wanalaumiana, na wawili wamesema hawarudi tena. Nianze na nini: shabaha, vifaa, au kupanga timu? Na je, yule anayeua wengi zaidi ndiye awe kiongozi?"

Jibu:

Ndugu, lile jedwali la Casual ndilo lililowadanganya vijana wako, kwa hiyo tuanzie hapo.

Casual ni kumi kwa kumi. Fulana ya kuzuia risasi na kifaa cha kutegulia bomu mchezaji anapewa bure kila raundi, risasi ya mwenzako haikudhuru, na fedha zinaingia za kutosha hata mkifungwa. Kijana akikimbilia mlangoni peke yake, akaua wawili kisha akafa, amefanya kazi nzuri, maana nyuma yake wamebaki tisa. Akifanya hivyohivyo kwenye Competitive, timu imebaki na watu wanne, bunduki yake imelala chini ikisubiri kuokotwa na adui, na wenzake hawajui hata aliuawa kutoka wapi. Ramani ni zilezile na bunduki ni zilezile, ila mchezo ni mwingine.

Kwa hiyo sidhani kama shabaha ndiyo inayowapa 13–1. Mtu anayeongoza Deathmatch ana shabaha ya kutosha kushinda raundi kadhaa dhidi ya wachezaji wa ranki za chini. Timu inayopata raundi moja tu kati ya 14 karibu kila mara ina ugonjwa wa fedha. Anza na huo, kisha wafundishe kutembea wawiliwawili. Shabaha itunzwe kwa dakika 20 za kila siku, na vifaa vipewe jioni moja ya marekebisho.

Fedha, kwa hesabu

Mechi ya Competitive ina raundi 24. Anayefika 13 kwanza ameshinda, na baada ya raundi ya 12 mnabadilishana pande. Kila nusu inaanza kwa $800 mfukoni. Mkishinda raundi kwa kuwamaliza wapinzani, kila mmoja wenu anapata $3,250. Mkishinda kwa bomu kulipuka au kuteguliwa, $3,500. Mkishindwa mnapewa pole inayopanda ngazi: $1,400, $1,900, $2,400, $2,900, hadi $3,400. Raundi ya kwanza ya nusu mnaanzia ngazi ya pili, ndiyo maana ukipoteza raundi ya bastola unapata $1,900. Mkishinda raundi moja katikati, ngazi haianguki hadi chini. Inashuka hatua kwa hatua.

Sasa tazama kijana wa upande wa T, yaani washambuliaji wanaotega bomu (CT ni walinzi wanaolitegua). Raundi ya kwanza amenunua fulana kwa $650, akabaki na $150. Wameshindwa. Raundi ya pili ana $2,050, na hapa ndipo vijana wa Casual huanguka, kwa sababu mikono inawasha. Anachukua MAC-10, bunduki ndogo ya $1,050, anaongeza fulana na kofia ya chuma, mfuko unakauka. Wapinzani walioshinda bastola wana silaha bora, kwa hiyo wanashindwa tena. Raundi ya tatu ana pole ya $2,400 na vijisenti, wakati AK-47 peke yake ni $2,700. Ananunua tena nusunusu, wanashindwa tena. Timu ya namna hii inaweza kumaliza nusu nzima bila kuingia raundi hata moja watano wote wakiwa na bunduki kamili, na wachezaji watatoka wakiamini wamezidiwa shabaha.

Rudi nyuma. Raundi ya pili hanunui kitu, anacheza na bastola ya bure. Wanashindwa, anapata $2,400, jumla $4,450. Raundi ya tatu ananunua AK kwa $2,700, fulana na kofia kwa $1,000, bomu la moshi kwa $300 na flashi (bomu la mwanga linalopofusha) kwa $200. Jumla $4,200, chenji $250. Watano wote wana silaha kamili, na raundi ni ya kupigania kweli.

Andika namba mbili kwenye karatasi kubwa, ubandike juu ya kompyuta: T $4,200, CT $5,000. CT ni ghali zaidi kwa sababu M4A1-S ni $2,900, fulana na kofia $1,000, kifaa cha kutegulia $400, halafu kuna moshi na flashi mbili. Kabla ya kununua chochote kila mmoja ajiulize: nikishindwa raundi hii, nitakachobakiza pamoja na pole ya raundi ijayo kitafika namba ya ukutani? Kisipofika, hanunui. Kikizidi, anatumia ile ziada tu. Yule kijana wa $2,050 hapo juu alikuwa na ruhusa ya kutumia $250, yaani flashi moja.

Uamuzi ni wa watu watano. Raundi mbaya kuliko zote ni ile ambayo watatu wamenunua na wawili wameweka akiba: hamshindi leo, na kesho hamna fedha. Mwenye nyingi amnunulie mwenzake bunduki na kumdondoshea. Mkijikuta mmekosea, gemu inakuruhusu kurudisha ulichonunua muda wa kununua ukiwa bado haujaisha, mradi hujakitumia. Vijana wengi wa Casual hawajui hilo.

Yapo mambo matatu madogo yanayokula fedha bila mtu kuona. Kwanza, mchezaji wa T aliyebaki hai muda ukaisha bila bomu kutegwa hapati pole hata senti. Kijana anayejificha na bastola yake ya $200 ili "asife" anajinyima maelfu. Kujificha kuna maana akiwa na AK au AWP (bunduki ya kudungua kwa mbali) ya kuokoa. Pili, AWP ni $4,750 na kila ukiua nayo unalipwa $100 tu, wakati bunduki za kawaida zinalipa $300 na MAC-10 inalipa $600. Kwa mwezi huu wa kwanza pigeni marufuku AWP, isipokuwa ya kuokota. Tatu, aliyekufa akiwa na mabomu yake yote ya kurusha (moshi, flashi, moto) mkononi ametupa mamia ya dola bila kupata kitu. Nitarudi kwenye hilo mbele.

Wawiliwawili

Mpinzani akimuua mwenzako, anapaswa kufa ndani ya sekunde mbili au tatu. Akifa, mmebaki wanne kwa wanne na mmepata nafasi mliyokuwa mnaitafuta. Asipokufa, mko wanne kwa watano bila faida yoyote. Vijana wa Casual wanajua kuua, ila kulipiza hawajui, kwa sababu kati ya watu kumi kuna mtu yeyote atakayelipiza kwa bahati.

Kulipiza kunategemea mahali unaposimama. Wa pili akiwa nyuma sana, anafika adui ameshajificha. Akiwa mgongoni kabisa, mfululizo mmoja wa risasi unawachukua wote wawili, au wa kwanza anataka kurudi nyuma anakuta njia imezibwa. Nafasi nzuri ni hatua mbili hivi nyuma na pembeni kidogo, ili adui akimlenga wa kwanza alazimike kusogeza mausi ndipo amfikie wa pili. Wa kwanza anatoka mlangoni kwa upana, hasimami kwenye fremu. Wa pili anatoka mara anaposikia risasi ya kwanza. Kosa la kila siku ni wa pili kusubiri aone matokeo.

Dawa ya haraka ipo ndani ya gemu yenyewe, nayo ni Wingman: wawili kwa wawili, eneo moja la bomu, wa kwanza kufika raundi 9. Hapo hakuna wa tatu wa kumsingizia. Kwa vijana saba unapata jozi tatu na mmoja wa kukaa nyuma ya viti akiangalia. Zungusheni jozi kila mechi, kwa siku tano au sita, kabla hamjarudi Competitive. Anayeangalia apewe kalamu, aandike kitu kimoja tu: vifo visivyolipizwa. Asiandike nani kaua wangapi. Ukibandika idadi ya walioua, watarudi kuwinda namba hiyo hiyo iliyowaharibu.

Ramani moja

Usiwapeleke sasa Premier, ile aina nyingine ya mechi za ranki. Kule ramani ni saba, timu zinapiga kura ya kuondoa, na mtaangukia msiyoijua. Isitoshe, Premier inataka akaunti yenye Prime, hadhi ya kulipia ambayo bei yake ya msingi ni dola 14.99 za Marekani kwa kila mtu. Kwenye Competitive ya kawaida mnachagua ramani wenyewe, na ranki inahesabiwa kwa kila ramani peke yake, kuanzia Silver I hadi Global Elite. Chagueni Mirage, mkae nayo hadi mechi 20 ziishe. Ina njia zinazoeleweka, na mtu yeyote mtakayecheza naye duniani anaijua.

A na B ni maeneo mawili ya kutegea bomu, na majina mengine ni sehemu za ramani. Wakiwa CT: wawili A, mmoja Connector, mmoja Window, mmoja B. Wa Connector ndiye wa kukimbia kusaidia pande zote. Wa B hatakiwi kushinda peke yake. Kazi yake ni kurusha moshi au moto, kuchelewesha, kusema ni wangapi, na kubaki hai sekunde kumi hadi wenzake wafike. Kijana wa Casual ukimwacha B peke yake ataona ni nafasi ya kuwa shujaa. Atafurahi mara moja na kufa mara tano.

Wakiwa T, mpango mmoja wa A unawatosha wiki mbili. Moshi tatu: mmoja wa Stairs, mmoja wa Jungle, mmoja wa CT. Hapo CT wote wa mbali wamefungwa macho na mnapigana na walio ndani ya eneo tu. Wawili wanatoka Palace, watatu Ramp, kwa wakati mmoja. Flashi mbili zinapigwa juu kabla ya kutoka. Gharama ya moshi zote tatu ni $900, chini ya thamani ya bunduki moja, lakini utawakuta vijana wakinunua AK tano bila moshi hata mmoja.

Kujifunza kurusha, fungueni mechi ya mazoezi kwenye kompyuta yenu. Washa konsoli (dirisha la kuandikia amri) kwenye mipangilio ya gemu, kisha andika:

sv_cheats 1
mp_warmup_end
mp_freezetime 0
mp_roundtime_defuse 60
sv_infinite_ammo 1
sv_grenade_trajectory_prac_pipreview 1
bot_kick
mp_restartgame 1

Ile ya pipreview inaonyesha bomu litatua wapi kabla hujalirusha. Kila kijana ajifunze moshi mmoja tu kati ya hizo tatu, aurushe mara 30 bila kukosea, ndipo ahamie wa pili. Moshi ukianguka pabaya, mara nyingi tatizo si kulenga. Huenda amesimama nusu hatua nje ya alama, au amerusha kabla mwili haujatulia. Mwambie ajibane kwenye kona au ukuta ili nafasi iwe ileile kila siku. Wote pia wajue kwamba bomu la kurusha la mlipuko (HE) likilipuka ndani ya moshi linafungua tundu kwa muda mfupi, kwa hiyo mtu asisimame wima nyuma ya moshi kana kwamba ni ukuta.

Flashi inaharibika kwa sababu moja: anayerusha hasemi. Neno "flashi" litangulie bomu kwa sekunde moja, wenzake wageuze uso. Na kwa kuwa kwenye Competitive silaha ya rafiki inaumiza, moto wa mwenzenu unawaunguza na ninyi.

Saa ya raundi ni 1:55. Kutega bomu kunachukua zaidi kidogo ya sekunde tatu. Timu ya T ambayo saa inasoma 0:40 na bado haijaamua iende wapi, imeshaamuliwa na saa. Bomu likitegwa, linalipuka baada ya sekunde 40. Kutegua bila kifaa ni sekunde 10, na kwa kifaa ni 5. Maana yake sekunde 30 zikipita, CT asiye na kifaa hawezi tena. Zikipita 35, hata mwenye nacho hawezi. Vijana wa T wakijua hesabu hiyo wataacha kuchungulia ovyo baada ya kutega. Adui ndiye anayelazimika kuja. Kaeni wawili mahali tofauti panapoona bomu, mmoja akilengwa mwingine apige.

Kusema

Taarifa nzuri ina mahali, idadi, na kilichobadilika: "Palace wawili, mmoja nimempiga 80, bomu sijaliona." Basi. "Yuko hapa! Yuko hapa!" haimsaidii mtu, kwa sababu hapa pako hapajulikani na wenzako. Aliyekufa anasema ndani ya sekunde tatu, kisha ananyamaza. Akiendelea kuongea anafunika vishindo vya miguu, ambavyo kwa mtu aliye hai vina thamani kuliko ushauri wowote. Lawama zingoje mwisho wa mechi.

Majina ya mahali yawe yale yanayotumika duniani kote (Window, Connector, Jungle, Palace), ingawa sentensi ni ya Kiswahili. Mkipungua na kupangiwa wageni, mtaeleweka. Na asiye na maiki atumie kitufe cha katikati cha mausi, kinachoweka alama ya mahali kwenye skrini za wenzake.

Kuhusu vishindo: Casual imewafundisha kukimbia kila mahali. Shift iliyobonyezwa inaficha hatua. Timu ya T inayokimbia watano kuelekea B imeshawatumia CT barua kwamba inakuja.

Shabaha, dakika 20

Kwanza kasi ya mausi, kwa sababu kwenye vyumba vya gemu kila kompyuta ina kasi yake na kijana anaanza upya kila jioni. Zidisha DPI ya mausi (kipimo cha wepesi wake) kwa namba ya kasi ya ndani ya gemu. DPI 800 kwa kasi 1.0 ni 800, na hapo mausi inahitaji kusafiri karibu sentimita 52 ili mchezaji azunguke duara zima. DPI 800 kwa kasi 3.0 ni 2,400, sentimita 17 tu. Wachezaji wengi wa kulipwa wako kati ya 600 na 1,200. Kijana aliye kwenye 2,400 au zaidi ashuke polepole: 1,600 kwa wiki moja, kisha 1,000 au 1,200. Akishushwa ghafla atachukia na kurudi alikotoka. Meza nazo ziruhusu mkono kutembea. Mkeka wa mausi wa sentimita 20 hauwezi kubeba kasi ya 800.

Pili, kusimama kabla ya kupiga. Katika Counter-Strike risasi ya mtu anayetembea inakwenda inakotaka. Ukienda kulia kwa kitufe cha D, achia D na ugonge A mara moja, mwili unasimama papo hapo, piga. Dakika 10 za Deathmatch kwa sheria hiyo tu, risasi moja hadi tatu, alama ya shabaha ikiwa imekaa kwenye urefu wa kichwa muda wote, hata ukutani pasipo na mtu. AK inaua kwa risasi moja ya kichwa hata aliyevaa kofia. M4 haiui mwenye kofia kwa risasi moja, kwa hiyo wakiwa CT wasishangae adui akibaki amesimama.

Dakika 10 nyingine ni za mfululizo: simama mbele ya ukuta, piga risasi 10 huku ukivuta mausi chini. Bunduki inapanda kwanza, kisha inahama pembeni. Wadhibiti risasi 10 za mwanzo tu. Zilizobaki ni za wakati wa dhiki, na kijana mpya hafai kupoteza jioni akizikariri.

Mtandao, umeme na kompyuta za wengi

Sava za Valve, waundaji wa gemu, zilizo jirani nasi ni za Dubai na Johannesburg. Kebo ya intaneti ya TEAMS, inayopita chini ya bahari kutoka Mombasa hadi Fujairah, jirani na Dubai, ina urefu wa kilomita 5,000 hivi, na mwanga ndani ya kebo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 50, kabla hujahesabu njia ya nchi kavu. Kwa hiyo usimlipe mtu anayekuahidi pingi (huo muda wa kwenda na kurudi) ya 20. Kinachowezekana ni pingi isiyorukaruka: kompyuta zote kwa waya, hakuna anayepakua kitu wakati wa mechi, na kwenye mipangilio ya gemu weka kikomo cha pingi inayokubalika ili msitupwe Ulaya. Pingi ikiwa juu, anayetoka konani humwona aliyesimama kabla hajaonekana. Mchezaji wako anayebana pembe asisimame palepale kama mlinzi wa benki. Apige, arudi nyuma, abadili mahali.

Umeme ukikatika na msiporudi kwa wakati, gemu inahesabu mmetoroka. Adhabu ya kwanza ni dakika 30 za kutocheza, kisha saa 2, saa 24, hadi siku 7. UPS ya ruta na ya kompyuta tano ni gharama, lakini ukishindwa, angalau msianze mechi saa mnazojua umeme huchezacheza. Mechi moja inaweza kufika dakika 40.

Jambo zito zaidi kwako ni hili: kompyuta zako zinatumiwa na watu wengi. Mteja mmoja akiacha programu ya udanganyifu inaendelea kufanya kazi, kijana wako akaingia na akaunti yake, VAC, mfumo wa Valve wa kunasa wadanganyifu, unaweza kumfungia, na kifungo cha VAC hakifutwi. Tenga mashine tano za timu, zenye akaunti ya Windows isiyo na ruhusa ya kusakinisha. Kibodi pia iangaliwe. Vipengele kama Snap Tap ya Razer, vinavyogeuza A na D kwa niaba ya kidole chako, vimepigwa marufuku kwenye sava za Valve tangu Agosti 2024, na mchezaji hutolewa mechini. Vizime.

Na kama wanaanza kununua kesi za rangi za bunduki, waambie rangi haiongezi risasi.

Kuangalia mechi upya

Pakueni rekodi kutoka menyu ya Watch siku hiyohiyo. Msiangalie mechi nzima, hakuna kijana atakayevumilia. Chagueni nusu moja, mruke hadi kila kifo, na kila kifo kiulizwe: kililipizwa? Mkononi kulibaki mabomu mangapi? Tulijua adui yuko pale? Hesabu ya pili ndiyo inayowashtua. Timu ya mwanzo inaweza kufa na mabomu 20 mikononi kwa nusu moja. Weka lengo la kuipunguza kila wiki, na matokeo ya mechi yaachwe pembeni kwa mechi hizo 20. Mtafungwa bado. Ila 13–1 ikiwa 13–6, watajua raundi tano za ziada zimetoka wapi.

Kiongozi, na wale wawili

Anayeua wengi asiwe kiongozi, isipokuwa kama pia ndiye mtulivu kuliko wote. Mtu anayeingia mlangoni wa kwanza anakufa wa kwanza, na timu haiwezi kubaki bila sauti sekunde ya 30 ya kila raundi. Mpe uongozi yule anayekumbuka wapinzani walifanya nini raundi iliyopita, hata kama yuko chini ya jedwali. Anaamua mambo mawili tu: tunanunua au tunaweka akiba, na tunakwenda wapi. Akikosea, wote wanakosea naye pamoja, na mazungumzo yanangoja mwisho. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Wale wawili walioacha usiwaombe warudi kucheza. Waite jioni moja waje kuangalia rekodi na kushika kalamu, mmoja ahesabu vifo visivyolipizwa, mwingine mabomu yaliyobaki mkononi. Aliyehesabu makosa ya wengine kwa saa nzima huwa anataka kiti. Akikitaka, mwanzishe Wingman, pamoja na yule aliyekuwa anamlaumu.